Bei ya Kuanzia katika Mnada wa Samaki: Nani Mwenye Haki ya Kuitaja, na Mipaka Yake Kisharia

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (swalla Allahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu wanaofanya biashara ya samaki huko Murusagamba, wilaya ya Ngara mkoani Kagera, wametutaka tuwafafanulie jambo moja. Wanapofuata mzigo katika mialo ya Ziwa Victoria, au mzigo unapowafikia sokoni kwao, dalali ndiye anayefungua mnada kwa kutaja bei. Mara bei hiyo huwa chini mno hadi mwenye samaki akalalamika, mara huwa juu na ikasemwa kuwa "tayari kuna mtu ametoa kiasi hiki". Wanauliza: bei hii ya kuanzia inapangwa na nani, na Uislamu unaitazama vipi?

Swali hili si la Ngara peke yake. Linamgusa mchuuzi wa Malindi hapa Unguja, mvuvi wa Mkokotoni, mama anayeanika dagaa Mwanza na muuza migebuka wa Kigoma. Kwa hiyo tumeona tulijibu kwa kirefu: kwanza tueleze inavyofanyika, kisha hukmu yake, kisha pale inapoingia haramu.

MNADA UNAVYOFUNGULIWA

Samaki hana subira. Anayeuzwa mbichi hupungua thamani kila jua linapopanda, na hili ndilo linaloifanya bei ya kuanzia kuwa jambo zito. Muuza shamba anaweza kurudi kesho. Muuza samaki wabichi akikosa mnunuzi asubuhi, jioni anabaki na hasara. Kila aliyepo mnadani analijua hilo, na wa kwanza kulijua ni mnunuzi.

Katika madiko ya pwani utaratibu unafahamika. Chombo kinafika, samaki wanashushwa na kupangwa chini kwa mafungu, kwa matenga au kwa mitungo, na mwenye chombo anamkabidhi dalali. Dalali anatazama mambo kadhaa kwa mara moja: aina ya samaki na ukubwa wake, macho na matamvua kama bado yana uhai, vyombo vingapi vimeshafika na vingapi vinatarajiwa, wachuuzi wangapi wamesimama, na bei ya jana iliishia wapi. Msimu nao una kauli yake. Bahari ikichafuka kwa upepo wa kusi, samaki huwa wachache. Ikitulia, huwa wengi. Mwezi wa Ramadhani wanunuzi huongezeka. Baada ya hapo dalali hutaja kiwango cha chini kidogo kuliko anachokitarajia, ili watu waingie, na wao ndio wanaokipandisha.

Katika Ziwa Victoria hesabu ina sura nyengine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo uvuvi wake hushamiri katika giza na hupungua mwezi unapong'aa. Dagaa wa giza ni wengi na bei ya kuanzia hushuka. Ukiingia mbalamwezi hupanda. Mvua nayo ni hatari, kwa sababu dagaa hukaushwa kwa jua, na aliyelowa kabla ya kukauka huharibika. Sangara ana habari nyengine: bei yake hufuata sana kile ambacho viwanda vya minofu viko tayari kukilipa kwa kilo, na mawakala wa viwanda huja mwaloni na bei zao mkononi. Hapo "mnada" mara nyingi ni jina tu.

Murusagamba iko mbali na maji, karibu na mpaka wa Burundi. Mfanyabiashara wa huko huchukua mzigo Mwanza katika soko la Mwaloni Kirumba, au katika mialo ya Muleba na ya Chato, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Kwake yeye bei ya kuanzia ni habari ya simu: amepiga, ameambiwa gunia la dagaa jana lilikuwa kiasi gani, anaongeza nauli na ushuru, na hapo ndipo anapoanzia. Yule aliye mwisho wa barabara hana njia nyepesi ya kuhakikisha aliyoambiwa, na tutalirudia jambo hili.

Iko pia namna ya kinyume. Katika baadhi ya minada ya Ulaya, na namna hii imezoeleka kwa jina la Uholanzi, bei huanza juu kabisa ikawa inashuka, na wa mwanzo kuizuia ndiye mnunuzi. Wenzetu wanaouza samaki mwisho wa siku huku wakiteremsha bei wanakaribiana na namna hiyo. Kisharia hakuna kizuizi katika kupanda wala kushuka, maadamu mnunuzi anakijua anachokinunua na bei anayokubaliana nayo.

ASILI YA MNADA KATIKA SHARIA

Wanazuoni wanauita mnada "bay'ul-muzayada", yaani kuuza kwa anayezidisha. Asili yake mashuhuri ni Hadithi ya Anas bin Malik (radhiya Allahu anhu), iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, na Tirmidhi akaihesabu kuwa ni hasan. Ndani yake mna kisa cha mtu wa Ki-Answari aliyekuja kuomba. Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama ana chochote nyumbani; alikuwa na nguo nzito ya kutandika na chombo cha kunywea maji. Mtume akavichukua na kuuliza waliohudhuria nani atavinunua. Mmoja akasema atavichukua kwa dirhamu moja. Akauliza mara mbili au tatu nani atazidisha juu ya dirhamu, na mwengine akatoa dirhamu mbili, akauziwa. Yule mtu akaamrishwa anunue chakula kwa moja na shoka kwa ya pili, akawa anakata kuni na kuuza.

Baadhi ya wanazuoni wa Hadithi wamezungumza juu ya udhaifu wa isnadi yake, lakini kazi ya Umma iko juu ya maana yake. Bukhari amenukuu kutoka kwa Ata bin Abi Rabah kwamba aliwakuta watu hawaoni ubaya kuuza ngawira kwa anayezidisha.

Tukitazame kisa hiki kwa jicho la swali letu. Mtume (S.A.W.) hakutaja bei ya kuanzia. Aliuliza nani ananunua, na bei ya mwanzo ikatoka kinywani mwa mnunuzi. Kisha hakuiridhia papo hapo. Alitafuta ziada kwa uwazi, mbele ya wote. Na alikuwa akimuuzia mtu mwenye dhiki, ambaye wanunuzi waliijua dhiki yake. Tunajifunza kwamba bei ya mwanzo si lazima itoke kwa muuzaji, na kwamba anayemnadia mtu dhaifu anatakiwa amtafutie ziada, asikimbilie kauli ya kwanza.

BEI YA KUANZIA NI NINI KIFIQHI?

Wito wa dalali, "tunaanza elfu hamsini", haujawa mauzo. Ni kuwaita watu watoe kauli zao. Anayesema "sitini" ndiye aliyetoa kauli ya kununua, na mauzo hutimia mwenye mali au wakala wake anaporidhia. Kabla ya hapo mwenye samaki ana haki ya kukataa bei yote na kuondoka na samaki wake. Asitishwe na yeyote kwamba "mnada umeshafunguliwa, huwezi kurudi nyuma".

Kwa hiyo haki ya kupanga bei ya kuanzia ni ya mwenye mali. Dalali ni wakala, na anachokitaja anakitaja kwa idhini. Hapa kuna mambo matatu ambayo yamepuuzwa sana masokoni:

La kwanza, mwenye samaki akimwambia dalali "usiuze chini ya elfu themanini", dalali hana ruhusa ya kuuza chini ya hapo. Anaweza kufungulia kwa elfu hamsini ili kuwavuta watu, lakini hawezi kufungia kwa sabini bila kurudi kwa mwenyewe. Kuificha bei hii ya mwisho isijulikane na wanunuzi kunafaa, kwa sharti asiwaambie kwamba mzigo unauzwa leo kwa bei yoyote itakayopatikana.

La pili, asipotajiwa bei, dalali hana uhuru wa kuuza kwa hasara iliyo wazi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wakala aliyeachiwa bila ya kuwekewa kiwango hufungwa na bei ya mfano wake, yaani ile inayojulikana na watu wa soko.

La tatu, dalali hajiuzii mwenyewe. Shafi hawaruhusu wakala kuiuza mali aliyopewa kwa nafsi yake. Basi dalali anayefungulia chini, akamsimamisha mtu wake miongoni mwa wanunuzi, akamuangukia yeye mapema kabla wengine hawajazidisha, amekhini amana mara mbili: kwa kujiuzia, na kwa kumnyima mwenye mali ziada yake.

Ujira wa dalali nao ujulikane kabla. Bukhari ametaja kuwa Ibn Sirin, Ata, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya katika malipo ya udalali. Ikiwa makubaliano ni "uza kwa kiasi hiki, kinachozidi ni chako", imepokewa ruhusa yake kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Sirin, ila wanazuoni wengi wameikataa kwa kuwa malipo hayajulikani. Kilicho salama ni kiasi maalumu.

PALE BEI YA KUANZIA INAPOKUWA HARAMU

Bei ya chini peke yake si dhulma, na bei ya juu peke yake si dhulma. Haramu huingia kwa uongo, kwa njama au kwa kumbana mtu.

1. Kudai bei ambayo haikutolewa

Dalali anafungua kwa kusema, "huyu hapa amenipa laki moja, nani zaidi?" na hakuna aliyempa. Au mfanyabiashara wa mwaloni anampigia mwenzake wa Murusagamba na kumwambia kuwa Kirumba jana gunia lilifika kiasi fulani, hali ya kuwa halikufika. Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Abi Awfa kwamba mtu mmoja aliweka bidhaa sokoni, akaapa kuwa alipewa bei ambayo hakupewa, na kwa ajili yake ikateremka aya ya 77 ya Suratu Aal Imran, yenye makamio kwa wanaobadilisha viapo vyao kwa thamani ndogo. Umbali hauondoi dhambi. Aliye mbali ndiye anayestahiki zaidi kuambiwa kweli, kwa sababu hana macho sokoni.

2. Wapambe

Kumpanga mtu asiye na nia ya kununua apandishe bei ndiyo "najshi" iliyokatazwa katika Hadithi ya Ibn Umar, kwa Bukhari na Muslim. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio lake namba 73 la kikao cha nane kilichofanyika Brunei mwaka 1993, ilihesabu katika najshi: kupandisha bila nia ya kununua, kujifanya mjuzi na kuisifu bidhaa ili mnunuzi azidishe, na mwenye mali au dalali kudai kwa uongo kuwa imeshatolewa bei fulani.

Dalali mmoja anaweza kusema: "Mimi napandisha ili mvuvi asidhulumiwe, bei iliyotajwa ni ndogo kuliko haki yake." Jambo hili wanazuoni wamelizungumza. Abu Bakr Ibn al-Arabi katika Maliki aliona kuwa anayeinua bei hadi kufikia thamani ya kweli hana dhambi. Lakini wengine wamempinga, na hoja yao ndiyo tunayoiona kuwa na nguvu: hadaa inabaki hadaa, na njia ya halali ipo. Dalali aseme wazi, "kwa bei hii mwenyewe hauzi", au amrudishie mvuvi samaki wake. Hapo amemtetea bila ya kusema uongo.

Aliyenunua kwa najshi, mauzo yake yanasihi kwa wengi wa wanazuoni pamoja na dhambi ya aliyehadaa. Kuhusu haki ya kurudisha, kauli sahihi zaidi kwa Shafi ni kwamba hana, kwa kuwa alizembea kuchunguza. Maliki wanampa hiari akijua kuwa muuzaji ndiye aliyepanga, na Hanbali wanampa ikiwa amepunjika kupita kawaida. Kamati ya soko ikiwa na utaratibu wa kurudishiana, kufuata kauli hizi mbili kunaleta uadilifu zaidi.

3. Wanunuzi kufungana midomo

Hili ni la upande wa pili na husahauliwa. Wachuuzi wanakubaliana kwamba leo hakuna atakayepita kiasi fulani, kisha watagawana. Dalali anafungua, hakuna anayejibu, anashusha, kimya, samaki wanaanza kulegea, mvuvi anasalimu amri. Wanazuoni wa Maliki wameruhusu mnunuzi kumuomba mmoja wa wenzake asizidishe, wakakataza soko zima au wengi wake kukubaliana hivyo. Tofauti iko wazi: katika ombi la mtu mmoja soko linabaki, na katika mapatano ya wote soko limeuliwa. Suratun-Nisaa, aya ya 29, imeshurutisha kuridhiana katika biashara, na ridhaa ya aliyezibiwa milango yote si ridhaa kamili.

4. Kuuwahi mzigo njiani

Mtume (S.A.W.) amekataza kuupokea msafara kabla haujafika sokoni. Kwa Muslim imekuja kwamba mwenye mali aliyenunuliwa njiani, akifika sokoni ana hiari ya kuvunja mauzo. Sababu ni kwamba hajaijua bei. Wale wanaolisubiri gari la dagaa kilomita kadhaa kabla ya Murusagamba, wakamwambia mwenye mzigo kuwa soko leo limeanguka, wameingia humo. Na wanaowafuata wavuvi kwa boti ziwani kabla hawajafika mwaloni, wakawaficha bei ya nchi kavu, wako nao.

5. Deni linalopanga bei

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalowaliza wavuvi wengi. Tajiri anamkopesha mvuvi nyavu, mashine au mafuta, kwa sharti kwamba samaki wote atauziwa yeye kwa bei atakayoitaja yeye. Hapo bei ya kuanzia ndiyo ya kumalizia, hakuna mnada. Mtume (S.A.W.) amekataza kuunganisha mkopo na mauzo katika makubaliano mamoja, kama ilivyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Abdullah bin Amr. Na wanazuoni wameafikiana kwamba mkopo ulioshurutishiwa manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Kila shilingi ambayo bei imepunguzwa kwa ajili ya mkopo ni faida ya mkopo huo, hata kama imeitwa "msaada".

Tuchukue mfano. Tenga linauzwa sokoni elfu themanini, tajiri anamhesabia mvuvi elfu sitini kwa sababu anamdai. Matenga ishirini kwa mwezi ni tofauti ya laki nne, na deni la asili halijapungua hata senti. Mvuvi anadhani anadaiwa mashine, kumbe anailipa kila mwezi bila ya kuimaliza.

Njia za halali zipo. Tajiri anaweza kumuuzia mvuvi mashine kwa malipo ya awamu, kwa bei inayojulikana hata ikizidi ya taslimu, kisha mvuvi akauza samaki wake popote. Na mfanyabiashara wa Murusagamba anayetaka uhakika wa mzigo anaweza kufunga mkataba wa salam: analipa thamani yote papo hapo, na kunabainishwa aina ya dagaa au samaki, sifa zake, uzito, muda na mahali pa kukabidhiana. Fedha zote zikitangulia na sifa zikafungwa, muamala huu ni halali, na mvuvi anapata mtaji bila ya kuuza heshima yake. Ila isiwe ni samaki wa chombo fulani maalumu, maana hakuna ajuaye chombo hicho kitarudi na nini.

JE, KAMATI AU SERIKALI IPANGE BEI YA KUANZIA?

Bei zilipopanda Madina, watu walimuomba Mtume (S.A.W.) awapangie, akakataa na kuwaeleza kwamba Allah ndiye anayepanga bei, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa dhulma ya damu wala ya mali. Hadithi hii imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Anas. Kwa hiyo asili ni kuliacha soko. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wamebainisha kwamba katazo hili ni pale bei inapopanda au kushuka kwa sababu za kawaida. Wenye nguvu wakilihodhi soko na kuwadhulumu watu, kiongozi anaweza kuwalazimisha bei ya uadilifu.

Tunaona kwamba kamati ya soko au ya mwalo isianze kwa kulazimisha bei. Ianze kwa kuondoa giza: iandike ubaoni bei za kufungia za jana kwa kila aina, ijulikane mizani, na samaki waliooza wasifichwe chini ya wazima. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye nalo kwa kutouweka juu watu wakauona. Bei ya kuanzia juu ya tenga lisilojulikana chini yake haina maana.

MUHTASARI

- Mnada wa samaki ni halali, uwe wa kupanda au wa kushuka.
- Bei ya kuanzia ni haki ya mwenye samaki. Dalali huitaja kwa idhini yake. Mnunuzi naye anaweza kuwa wa kwanza kuitaja.
- Kuanza chini ili kuvuta watu kunafaa. Kufungia chini ya kiwango alichotajiwa dalali hakufai.
- Dalali hajiuzii, wala hamuuzii mtu aliyemsimamisha kwa ajili yake.
- Ni haramu kudai bei isiyotolewa, kuweka wapambe, wanunuzi kula njama, na kumhadaa mwenye mzigo njiani.
- Mkopo wenye sharti la kuuziwa samaki kwa bei ya mkopeshaji ni riba. Badala yake ni mauzo ya awamu au salam.

Mwenye kufungua mnada kesho asubuhi akumbuke Hadithi ya Hakim bin Hizam, kwa Bukhari na Muslim: wauziani wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa mauzo yao, wakificha na wakasema uongo, baraka huondoshwa. Tunamuomba Allah awaruzuku ndugu zetu wa ziwani, wa pwani na wa Murusagamba riziki ya halali, na awaepushe na ya haramu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.